Sukari ya Kumzuia Nyuki Asihame: Mwongozo kwa Wafugaji wa Kapalamsenga

Fondanti ni sukari iliyochemshwa na maji kidogo, ikapozwa, kisha ikakorogwa mpaka ikageuka donge jeupe, laini, linaloshikana kama ugali uliopoa. Wafugaji wa Uingereza, Ujerumani na nchi nyingine za baridi huiweka juu ya masega wakati wa majira ya baridi. Huko nyuki hukaa wamekumbatiana ndani ya mzinga kwa miezi, nje hakuna ua hata moja, na kundi lililoishiwa asali mwezi Februari hufa lote kabla ya maua ya kwanza kuchanua. Mfugaji wa Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hana theluji. Ana kipupwe cha Juni na Julai kinachomfanya atafute blanketi usiku, lakini jua likishapanda nyuki wake wamekwisha kutoka kazini. Kwa hiyo ni haki kuuliza: pishi la watu wa theluji linatuhusu nini? Jibu ambalo mwongozo huu umejengwa juu yake ni kwamba linatuhusu, ila kwa sababu nyingine na kwa nyakati nyingine. Kule sukari humzuia nyuki asife. Hapa kazi yake ni kumzuia asihame. Mfugaji asiyeelewa tofauti hiyo anaweza kupika fondanti nzuri sana na bado akabaki na mzinga mtupu.

Nyuki wetu mbele ya njaa

Nyuki wa miombo ni wa jamii ya Apis mellifera scutellata, na tabia yake kuu anapokosa chakula ni kuondoka. Katika mapori ambayo maua hufuata mvua, kundi lililong'ang'ania mahali pakavu lilikufa, na lililohama likakuta maua mbele. Tabia iliyorithiwa ni ya lile lililohama. Nguvu ya tabia hiyo ilidhihirika nje ya Afrika. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, na kufikia 1990 uzao wao ulikuwa umeshapita Amerika ya Kati na kuingia Texas. Wafugaji wa huko, waliozoea nyuki wa asili ya Ulaya wanaovumilia njaa ndani ya mzinga, walilazimika kujifunza kazi yao upya, maana nyuki hawa hawakusubiri kuhurumiwa.

Hata hivyo, kuhama kwa ajili ya njaa hakutokei kwa ghafla kama kule kunakosababishwa na moto au uvamizi wa siafu. Kuna matayarisho, na mfugaji makini anaweza kuyasoma. Kwanza malkia hupunguza kutaga, kisha huacha. Nyuki vibarua hulea majana yaliyokwishaanza, huku wakila akiba iliyobaki. Nyuki kibarua huchukua takriban siku 20 tangu yai mpaka kutoka kwenye chumba chake, kwa hiyo tangu malkia aache kutaga mpaka jana la mwisho litoke unazo kama wiki tatu. Baada ya hapo hakuna kinachowashikilia. Ukifungua mzinga, inua sega la katikati na uligeuze ili mwanga wa jua uingie mpaka chini ya vyumba. Yai ni kijiti cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama, kilichosimama kwenye sakafu ya chumba. Ukiyaona mayai, na majana meupe yaliyojikunja ndani ya uji wao, kundi bado lina nia ya kukaa na chakula chako kitafaa. Ukikuta vyumba vilivyofunikwa kwa kifuniko cha kahawia peke yake, bila yai wala jana changa, na masega ya pembeni ni makavu, basi safari imeshapangwa, na si rahisi sukari iipangue. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza kwa kuchungulia sega kabla ya kununua sukari.

Njaa huja lini

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Mtundu na ndugu zake wa jamii ya Brachystegia huchipua na kutoa maua kabla ya mvua, kuanzia Septemba, wakati ardhi ingali kavu. Miti ya Julbernardia, ambayo wengi wa magharibi mwa Tanzania huiita muva, huchanua mvua zinapoelekea kwisha. Ndiyo maana kuna kurina kudogo Novemba na Desemba, na kurina kukubwa kati ya Mei na Julai. Kati ya misimu hiyo kuna mapengo mawili. La kwanza ni la mvua kubwa, Januari na Februari, ambapo mbochi huoshwa na maji kabla nyuki hajafika, na siku nzima inaweza kupita bila nyuki kutoka. La pili ni Julai na Agosti, nyasi zikiwa zimekauka na moto ukipita porini. Tazama vizuri pengo hili la pili: linaanza mara tu baada ya kurina. Hali ya hewa ina mchango wake, lakini kisu cha mrinaji kina mchango mkubwa zaidi. Kundi lililokusanya asali Aprili na Mei lilikuwa limejiwekea akiba ya miezi hiyo hiyo, na mtu ndiye aliyeichukua.

Hapo ndipo hoja yangu inapopata makali. Chakula bora cha nyuki wakati wa uhaba ni asali waliyoitengeneza wenyewe. Ukipima kwa nguvu tu, havitofautiani sana: kilo moja ya asali ina sukari kama gramu 800, na kilo moja ya fondanti ina gramu 870 hivi. Lakini asali haihitaji mkaa, haihitaji maji, haihitaji kufungua mzinga, na tayari imefunikwa kwa nta mahali ambapo nyuki wanakaa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo wa kupika sukari ni hii: wakati wa kurina, usiguse masega yenye majana, na uache angalau masega mawili yaliyojaa asali yakiwa jirani nayo. Ukifanya hivyo, makundi yako mengi hayatahitaji fondanti kabisa. Itabaki kwa hali tatu tu. Ya kwanza ni kundi jipya lililoingia mzingani au ulilolitenga kutoka kundi kubwa, ambalo halijapata muda wa kujenga na kuweka akiba. Ya pili ni kundi lililoporwa na nyegere au mwizi, au lililonusurika moto. Ya tatu ni kundi lililorinwa kupita kiasi, na hapo sukari ni deni ambalo mfugaji analilipa.

Kuchagua sukari

Tumia sukari nyeupe iliyosafishwa. Sukari inayotoka katika viwanda vyetu vya miwa mara nyingi ina rangi ya kahawia kidogo, na rangi hiyo ni mabaki ya molasi yenye madini ambayo tumbo la nyuki haliyamudu vizuri. Katika nchi za baridi, ambako nyuki hawawezi kutoka kwenda haja, sukari ya namna hiyo huwaharisha ndani ya mzinga. Hapa wanatoka karibu kila siku, hivyo hatari ni ndogo, lakini katika siku za mvua mfululizo hali zetu na zao hukaribiana. Chukua iliyo nyeupe kuliko zote dukani, na usitumie sukari guru kamwe. Usitumie pia fondanti ya mafundi keki, kwa kuwa huchanganywa na vitu vya kuilainisha, rangi na manukato. Sufuria na ndoo ziwe za jikoni. Chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya tumbaku au pamba hakisafishiki kiasi cha kumfaa nyuki.

Maelekezo mengi huagiza ndimu, siki au unga wa asidi ili sukari ivunjike iwe laini. Usiongeze. Sukari ikikutana na asidi na moto mkali hutoa kemikali iitwayo hidroksimethilifurfurali, ambayo binadamu huivumilia lakini nyuki hudhurika nayo. Ulaini unaoutafuta utaupata kwa kukoroga. Na nyuki ana vimeng'enya vyake vya kuivunja sukari, hakuna haja ya kumfanyia kazi hiyo kwa gharama ya afya yake.

Kupika

Kwa mara ya kwanza pika kidogo: kilo 2 za sukari kwa nusu lita ya maji, upate fondanti ya zaidi kidogo ya kilo 2. Pasha maji, mimina sukari, koroga kwa moto mdogo mpaka usisikie tena mchanga chini ya mwiko. Punje zisizoyeyuka zikibaki zitazaa punje nyingine, na pishi lote litakuwa la chengachenga. Kwa sababu hiyo futa kuta za sufuria kwa kitambaa safi chenye maji, au funika kwa dakika mbili tatu ili mvuke uzioshe. Kisha ongeza moto na uache kukoroga kabisa.

Maandishi ya Ulaya yatakwambia uchemshe mpaka nyuzi 112 hadi 116 za Selsiasi. Hapo kuna mtego kwa watu wetu. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa huo, na hata ufuo wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770; katika ukanda huu wote maji huchemka kati ya nyuzi 96 na 98. Ukifuata namba ya kitabu utakuwa umepitiliza, na fondanti itakuwa jiwe. Kama una kipimajoto, chemsha maji matupu kwanza, soma namba, kisha ongeza nyuzi 14 au 15. Hiyo ndiyo namba yako. Kama huna, kikombe cha maji baridi kinatosha. Dondoshea humo tone la sukari inayochemka, uliokote kwa vidole. Likiyeyuka, bado. Likifanya kidonge laini kinachobonyea na kulala kiganjani ukikitoa majini, epua mara moja. Likiwa gumu na kugonga ukuta wa kikombe, umepita. Rudisha vijiko kadhaa vya maji, acha vichanganyike, upime tena. Jiko la mkaa halipunguzwi kama la gesi, kwa hiyo uwe na mahali pa kuhamishia sufuria kabla hujaanza kupima. Sukari ikianza kuwa ya dhahabu na kunukia, imeungua. Itafaa chai ya nyumbani lakini nyuki wasipewe.

Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi na uiache itulie, bila kuitikisa, mpaka uweze kushika ubavu wake kwa kiganja bila kuunguzwa. Uvumilivu wa hapa ndio unaofanya nusu nzima ya kazi: ukikoroga ingali ya moto, punje huwa kubwa, ukikoroga ikiwa vuguvugu, huwa ndogo kiasi kwamba ulimi hauzihisi, na ulimi wa nyuki huzilamba kwa urahisi. Sasa koroga kwa nguvu. Kwa dakika kadhaa utaona ni maji mazito tu yanayong'aa, halafu yanafifia kama yaliyoingiwa na moshi, halafu ghafla yanageuka meupe na mwiko unakuwa mzito. Usisubiri zaidi. Mimina katika mifuko safi ya plastiki, nusu kilo kila mmoja, ibonyeze iwe bapa kama chapati nene, na uifunge. Ikihifadhiwa hivyo mahali pakavu hukaa miezi.

Asiye na nafasi ya kupika anaweza kusaga sukari nyeupe iwe unga na kuikanda na asali, sehemu nne kwa moja, mpaka iwe kama donge la chapati. Asali hiyo itoke katika mizinga yako mwenyewe yenye afya, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa wa kuoza kwa majana hukaa hai ndani ya asali kwa miaka mingi, na asali ya kununua huwezi kujua imepitia wapi.

Kuwapa nyuki

Nenda jioni, jua likizama, ukiwa na mavazi ya kinga, bomba la moshi na msaidizi. Giza likikaribia, nyuki wa mizinga mingine hawatafuata harufu kuja kupora, na waliokasirika watakuwa na usiku mzima wa kutulia. Kata tundu moja la ukubwa wa sarafu kwenye mfuko, kisha uulaze karibu kabisa na sega la mwisho lenye nyuki, tundu likiwatazama wao. Kwa mzinga wa viunzi, ondoa viunzi vitupu vya nyuma na uweke mfuko hapo. Kwa mzinga wa gogo, pitisha nyuma kwenye mfuniko. Ukiuweka mbali na kundi, nyuki dhaifu hawatauona kama chakula chao na sisimizi wataufikia kwanza. Punguza tundu la kuingilia ili walinzi wachache waweze kulilinda, na paka grisi kwenye waya zinazoning'iniza mzinga.

Plastiki ina kazi mbili hapa ambazo wenzetu wa Ulaya hawazihitaji sana. Agosti hewa yetu ni kavu na fondanti iliyo wazi hugeuka tofali kwa siku chache. Januari hewa imejaa unyevu na hiyo hiyo huanza kudondoka. Ufunguzi mdogo huzuia yote mawili. Kumbuka pia kwamba nyuki hula fondanti kwa kuilainisha kwa maji. Kule Ulaya maji hayo hutokana na jasho la mzinga uliofungwa. Hapa wakati wa kiangazi lazima uyaweke wewe, katika beseni pana lenye vijiti au mawe ya kutua, si mbali na manzuki, na lisikauke hata siku moja.

Baada ya wiki moja rudi uangalie. Kama mfuko umeisha na mayai yapo, ongeza nusu kilo nyingine. Kama haujaguswa na nyuki wanaingia na chavua miguuni, porini kuna chakula, utoe. Fondanti haina chavua, na bila chavua majana hayalelewi. Kazi yake ni kuziba pengo la siku kadhaa, haiwezi kujenga kundi.

Wanaopinga

Wapo watakaosema wazee wetu walirina asali ya miombo kizazi baada ya kizazi bila kumlisha nyuki hata chembe ya sukari. Ni kweli, na mfumo wao ulikuwa na akili. Mtu alikuwa na mizinga mingi ya magogo na magome, imetawanyika katika msitu mpana. Mzinga ukihamwa, kundi jingine liliingia msimu uliofuata. Hasara ya kuhama iligharamiwa na ukubwa wa msitu. Anayefuga hivyo hadi leo hana sababu ya kupika, na kumpandia nyuki juu ya mti na mfuko wa sukari ni kujihatarisha bure. Lakini aliyenunua mizinga kumi ya mbao, akaitundika pamoja kando ya kijiji na kugawanya makundi kwa mkono wake, ameacha mfumo wa wazee na hawezi kutegemea kinga yake.

Wengine watauliza kwa nini wasitumie maji ya sukari, ambayo hayahitaji jiko. Yana nafasi yake: maua yakiwa karibu kufunguka na kundi changa linajenga masega, maji ya sukari huharakisha ujenzi. Katikati ya uhaba mambo hugeuka. Huchacha upesi, huzamisha nyuki, harufu yake huita waporaji, na humchochea malkia kutaga wakati hakuna chavua ya kulea. Fondanti huliwa polepole, kwa kadiri ya haja, nasi tunataka kundi litulie tu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la asali. Asali, kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, ni ile iliyotokana na mimea ya porini au shambani kupitia nyuki. Sukari ya dukani iliyohamishiwa kwenye masega si asali, hata kama nyuki ndiye aliyeihamisha. Sifa ya asali ya Katavi sokoni inatokana na msitu wake. Tena udanganyifu huu hugundulika: miwa hunasa hewa ya ukaa kwa njia tofauti na miti ya miombo, kaboni yake ina alama yake, na maabara huhesabu kuwa asali imechakachuliwa sukari ya miwa ikifika asilimia 7. Pingamizi hili silijibu kwa kulipuuza. Linajibiwa kwa nidhamu: lisha kundi lisilo na akiba tu, toa kila kipande kilichobaki dalili ya kwanza ya maua ikionekana, tia alama kwenye viunzi vya masega yaliyojengwa wakati wa kulisha, na asali ya viunzi hivyo ibaki kuwa ya nyuki. Asiyeweza kushika masharti haya asilishe, maana akiharibu jina la asali ya eneo lake hasara itawafikia majirani wasiopika hata gramu.

Basi kila unapopika, andika: tarehe, mzinga gani, nusu kilo ngapi, na sababu. Kurina kukubwa kukifika mwakani, fungua daftari kabla ya kushika kisu. Mizinga uliyoilisha kwa kuwa ilikuwa michanga au iliporwa ina sababu yake. Mizinga uliyoilisha kwa kuwa uliimaliza mwenyewe inakueleza, kwa kilo, ni asali kiasi gani ulipaswa kuiacha. Ongeza kiasi hicho kwenye masega usiyoyagusa, na sufuria ya sukari itapumzika mwaka huo.